Pambo Hukatikia Kwenye Tundu

Asubuhi moja gatini Nyamisati, abiria wa Mafia wakipanda boti, mkufu wa mama mmoja ulikatika. Shanga zilidunda kwenye mbao mara moja, mara mbili, kisha nyingi zikapenya kwenye nyufa na kuishia majini. Mama yule hakugomba. Aliinama akaokota zilizobaki, akazifunga kwenye pindo la khanga, halafu akaniangalia mimi, maana mkufu ule ulitoka mezani kwangu siku kumi na moja tu kabla.

"Shanga zako nzuri, mwanangu," alisema, "ila uzi wako mwongo."

Nilimrudishia pesa yake, nikamwomba aniachie zile shanga. Nilipofika Kibiti nikazitazama juani, moja moja, kwa lenzi. Uzi ulikuwa umesingiziwa. Kosa lilikuwa kwenye midomo ya matundu. Vipande vya kombe nilivyovitoboa harakaharaka vilikuwa na makali kama wembe, na kila mama yule alipogeuza shingo, makali yale yaliutafuna uzi kidogo kidogo. Nilikuwa nimetengeneza msumeno nikauita mkufu.

Tangu hapo nimekarabati mapambo mengi, yangu na ya wenzangu, na sikumbuki hata moja lililoharibika katikati ya ushanga. Hukatika penye tundu, penye fundo, au penye kiungo cha chuma. Kwa hiyo sitakufundisha mitindo. Mitindo unayo, na mteja wako wa Bungu au Jaribu Mpakani anajua anachotaka kunizidi mimi. Nitang'ang'ania matundu, mafundo na viungo, kwa vitu tulivyonavyo huku kwetu.

Tuanze na kifuu cha nazi, kwa kuwa hakina bei. Chagua cha nazi iliyokomaa na kukauka vizuri, kile cheusi kinacholia ukikigonga. Kifuu cha nazi changa hujikunja kikikauka, na hereni uliyoikata ikiwa bapa asubuhi utaikuta imekuwa kijiko jioni. Kwangua nyuzi za nje kwa kipande cha chupa, maliza kwa msasa, halafu shika kanuni hii: toboa kwanza, kata umbo baadaye. Wengi wetu tunafanya kinyume. Tunakata duara zuri la sentimita moja, tunalisugua mpaka ling'ae, ndipo tunatoboa, na linapasuka mkononi kazi ikiwa imebaki dakika moja. Kipande kipana kinashikika. Chora duara lako juu yake, tia alama kwa ncha ya msumari ili keekee isiteleze, weka chini kibao cha mti laini ili ncha ikitokeza upande wa pili isimegue ukingo, kisha toboa. Kikipasuka hapo umepoteza kifuu tu, hujapoteza mchana.

Vijana wananicheka wakiniona na keekee ya uta, ile ya maseremala wa zamani, wakati duka la pembeni linauza drili ya umeme. Nami nina drili hiyo, lakini huiweka kwa ajili ya mbao. Drili huzunguka kwa kasi kubwa mno: kombe hupata joto likapasuka, pembe ya ng'ombe huungua na kunukisha nyumba nzima, sandarusi huyeyuka na kuganda kwenye ncha. Uta unauvuta kwa mwendo wa mkono wako, na mkono unahisi ncha inapokaribia kutokeza, ukapunguza nguvu. Ncha zenyewe hazinunuliwi. Pita kwa fundi cherehani uombe sindano zilizokatika, uzinoe kwenye jiwe mpaka ziwe na nyuso tatu. Kwa kifuu na pembe zinatosha kabisa. Kombe nene litakushinda kwa sindano. Hapo nunua ncha yenye unga wa almasi madukani Dar es Salaam, nayo itadumu ukiitumia ndani ya maji.

Nasisitiza maji. Kombe hutobolewa likiwa limezama. Chukua beseni, tandaza udongo wa mfinyanzi chini, bandika kombe lako juu ya udongo huo lisicheze, mimina maji yalifunike kidogo tu, halafu vuta uta taratibu. Maji yanapoza ncha, tena yanakamata vumbi. Vumbi la kombe halinuki na halikukohozi siku hiyo, ndiyo maana watu hulidharau, lakini linakaa kifuani, na mwenye kuvuta vumbi hilo miaka mingi hulipa kwa mapafu yake. Jifunge barakoa, ndiyo, ila barakoa ya kwanza ni maji. Na usije ukatumia drili ya waya wa umeme juu ya beseni, hata kwa dakika moja, hata ukiwa na haraka ya oda ya harusi.

Toboa nusu, geuza, toboa nusu ya pili ukutane katikati. Ukipitiliza kutoka upande mmoja, upande wa pili utamenyeka kama ganda la yai. Makombe usiyafuate majini. Nenda Mbwera au Salale, uulize wapi wanatupa makombe baada ya kupika. Utajaza gunia bila kuua kiumbe. Tondo walio hai waache kwenye matope yao ya mikokoni. Gamba la ng'amba ni marufuku, na mtalii atakayelinunua kwako litamkamatisha uwanja wa ndege naye atakutaja. Makombe makubwa mno ya miambani na matumbawe meusi yamo katika orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hivyo yasiguse meza yako mpaka uwe umezungumza na afisa uvuvi wa wilaya. Ukitaka kuona kombe linavyoweza kulipa bila kuharibu bahari, akina mama wa Bweleo na Fumba kule Unguja wanafuga chaza, wanapata nusu-lulu, na ganda wanalichonga vito.

Sasa una vipande hamsini vyenye matundu, kila kimoja na umbo lake. Kuvisugua kimoja kimoja ni adhabu, na havitalingana. Vitunge kwenye waya mgumu unaoenea tundu barabara, uvibane pande zote mbili visicheze, kisha tafuta jiwe la mchanga au kigae cha mtungi, ulichimbie mfereji wa upana wa ushanga unaoutaka. Mwagia maji. Viringisha ule mshikaki wa shanga ndani ya mfereji, mbele na nyuma, ukiuzungusha kwa vidole. Pembe zitaondoka, na baada ya muda utakuwa na fimbo moja laini, kila ushanga sawa na mwenzake.

Njia hii sikuibuni mimi. Tumbe, Pemba, wanaakiolojia walichimbua vigae vingi vyenye mifereji ya namna hiyo hiyo, vya karne ya 7 hadi ya 10, majumbani mwa watu. Yaani kazi hii ilifanyika uani, pembeni ya jiko, kama unavyoifanya wewe. Huku kwetu nako, mwaka 1999 mwanaakiolojia Mtanzania, Felix Chami, alichapisha taarifa ya shanga za kioo za asili ya Kirumi zilizopatikana eneo la delta ya Rufiji. Watu wa hapa walikuwa wakichagua shanga za wageni tangu enzi za Azania, jina la kale la pwani hii. Basi na iwapo jembe lako litafukua shanga za kale shambani, usizitunge. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inazilinda, na ushanga uliotolewa ardhini bila kuandikwa mahali ulipokaa umeshapoteza nusu ya habari zake. Toa taarifa wilayani.

Turudi kwenye mdomo wa tundu, maana ndipo nilipoaibika. Kila tundu, la kombe, la kifuu, hata la ushanga wa dukani, lina ukingo. Ukingo huo lazima ulainishwe. Nenda gereji yoyote pale barabara ya Kilwa uombe kijiko kimoja cha pesti ya kusagia valvu. Ipake kwenye uzi mnene wa pamba, funga ncha moja ya uzi kwenye msumari ukutani, pitisha shanga zako, kaza uzi, halafu zisukume kwenda na kurudi huku ukizizungusha ili kila upande wa tundu uonje. Dakika mbili kwa shanga kumi. Zioshe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu mara tatu, kwa sababu pesti ile ina grisi na itachafua kola ya mteja.

Kisha jaribu. Chukua uzi mwembamba wa kushonea, mweupe, upitishe kwenye ushanga mmoja, uvute kwa kukaza mara ishirini ukiuegemeza kwenye ukingo. Utoe uutazame. Ukitoka na manyoya, tundu bado lina meno, rudia. Ukitoka kama ulivyoingia, endelea. Mimi hujaribu ushanga mmoja katika kila kumi, na zile za katikati ya mkufu huzijaribu zote. Shanga za kioo za bei rahisi zina ugonjwa mwingine: rangi ya kupakwa. Zisugue kwa kitambaa cheupe chenye spiriti. Ikitoka rangi, mwachie mwenye duka.

Nyuzi nazo. Kwa kuwa tunaishi na wavuvi, mshipi ndio ulio karibu, na kila anayeanza kazi hii huanza na mshipi. Una faida yake: hauhitaji sindano, ncha yake inajipenyeza yenyewe. Lakini fundo lake huteleza, na ukikaa juani miezi kadhaa hukauka ukawa kama unyasi. Uzi wa pamba unapendeza kuushika, ila jasho na chumvi ya huku huuozesha. Mimi nimeishia kwenye uzi wa nailoni wa kusokotwa, ule ule wanaoshonea nyavu, namba nyembamba kabisa, niliouvuta kwenye kipande cha nta ya nyuki mara tatu nne. Nta inauzuia usichanike, inashika fundo, na maji hayaingii kirahisi. Funga fundo la kwanza kwa kuzungusha mara mbili badala ya moja, kaza, funga la pili, tia tone la rangi ya kucha isiyo na rangi, uliache likauke, halafu vuta fundo lizame ndani ya ushanga. Gundi kali ya dakika moja usiitumie hapo. Huufanya uzi kuwa mgumu kama kijiti, nao hukatika palepale gundi inapoishia.

Kwa shanga za thamani, weka fundo dogo kati ya kila ushanga na mwenzake. Uzi ukikatika unapotea ushanga mmoja, tena pengine hata huo hauanguki. Kazi inakuwa mara tatu zaidi na bei iwe hivyo hivyo.

Kuhusu shanga za kiunoni nitasema machache, makungwi wananizidi. Mteja ajipime mwenyewe nyumbani kwa uzi, baada ya kula, akuletee uzi wenye fundo. Wewe usiulize zaidi. Tumia shanga za kioo tupu, maana kifuu na mbao hufura kwa kuoga kila siku. Uzi uwe mara mbili. Usiweke kifungo cha chuma. Kinabana ngozi na kutia kijani.

Mkufu ukishakamilika, usiuze siku hiyo. Chupa ya maji ya lita moja ina uzito wa kilo moja. Ifunge chini ya mkufu, utundike mkufu kwenye msumari, ulale. Asubuhi angalia fundo. Limeteleza? Uzi umerefuka ukaacha pengo kati ya shanga? Afadhali ujue wewe.

Niseme kidogo juu ya sandarusi, kwa sababu ni mali ya pwani hii na mafundi wengi wachanga hawajawahi kuishika. Ni utomvu wa msandarusi ulioganda, na ule mzuri zaidi ni wa kuchimbwa, uliolala ardhini muda mrefu mpaka ukawa mgumu, una ngozi ya vipele kama ya bata aliyenyonyolewa. Karne ya 19 ulisafirishwa kutoka pwani hii ya Mrima kupitia Unguja hadi Salem huko Marekani ukatengenezwe vanishi. Ile laini, mbichi, iliitwa chakazi. Wafanyabiashara wa Kiingereza waliposhindwa kulitamka neno hilo wakaligeuza kuwa neno la kwao lenye maana ya punda dume. Kwa ushanga, chakazi haifai, inanata. Ya kuchimbwa inafaa, ina rangi ya asali na unaweza kukuta mdudu ndani. Isugue kwa maji tu, toboa kwa keekee ya uta, pumzika kila baada ya mivuto kumi ipoe, na kung'arisha tumia kitambaa na majivu yaliyochekechwa. Ila usimwambie mteja kwamba ni kaharabu. Anayejua ataweka tone la spiriti juu yake, ataigusa kwa kidole, itanata, na jina lako litakuwa limekwisha. Mwambie ni sandarusi. Ina hadithi yake yenyewe.

Mbao: mpingo ni mwema, na vipande vinavyotupwa na wachongaji wa Mwenge, Dar es Salaam, vinatosha hereni za mwaka. Vumbi lake linawasha macho na kifua, hivyo sugua nje, upepo ukiwa mgongoni. Mkomafi, mmoja wa mikoko, unatoa rangi nyekundu nzuri, lakini mikoko ya delta, zaidi ya hekta 50,000, ni msitu wa hifadhi. Okota mabaki kwa seremala mwenye kibali, panga mkononi usiingie nalo mikokoni. Usipake vanishi kwenye mbao zinazogusa ngozi. Jasho litaibambua. Nta na mafuta kidogo, usugue kwa kitambaa mpaka kiganja kipate moto.

Sasa viungo vya chuma, ambako machozi ni mengi. Huhitaji karakana kubwa. Fuawe yangu ni kichwa cha nyundo kubwa kilichozamishwa kwenye gogo. Nina koleo mbili za mdomo mwembamba, tupa tatu, msumeno wa uzi, na kipande bapa cha mkaa mgumu cha kuchomelea juu yake. Shaba ya waya hupatikana kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, lakini uliza imetoka wapi, na ukijibiwa kwa kicheko, ondoka. Nyaya za umeme zilizoibwa zimepeleka watu mahabusu. Na usichome plastiki ya waya kupata shaba. Moshi wake ni sumu. Ichane kwa kisu.

Waya ukiupinda na kuunyoosha mara tano sita huwa mgumu, halafu hukatika. Mafundi wapya hulaumu waya. Waya umechoka tu. Urudishie ulaini wake kwa moto. Fanya kazi hiyo kivulini, kwa sababu juani huwezi kuona rangi. Pasha mpaka uone wekundu uliofifia, wa makaa ya jioni, basi, toa. Shaba nyekundu na fedha unaweza kuzitia majini. Shaba ya manjano iache ipoe yenyewe, isije ikapata nyufa.

Ndoano ya hereni usiitengeneze kwa shaba wala kwa waya ambao hujui asili yake. Huenda una nikeli, nayo huwasha masikio ya watu wengi. Tumia fedha ya 925, unene wa milimita 0.8, na ncha yake uifanye duara kwa tupa, kisha msasa laini. Ioshe, halafu ipitishe kwenye mdomo wako wa chini. Mdomo unahisi kuliko kidole. Ikikukwaruza mdomo itamkwaruza mteja sikio. Vipete vidogo vya kuunganishia usivifungue kwa kupanua kama unavyofungua mdomo wa mfuko. Shika pande mbili kwa koleo, sukuma mmoja mbele na mwingine nyuma, na ufunge vivyo hivyo mpaka usikie ncha zikikwaruzana. Hereni nyingi zinazopotea stendi zinapotelea hapo, kwenye kipete kilichoachwa na upenyo wa unywele.

Ukitaka kiungo kisichofunguka, chomelea. Lehemu haizibi pengo, na hili ndilo jambo moja ningependa ulishike katika aya hii. Inua kiungo uelekeze kwenye mwanga: ukiona mwanga kati ya ncha mbili, rudi kwenye tupa. Safisha, paka boraksi iliyokorogwa na maji, weka kipande cha lehemu ya fedha kidogo kama chembe ya ufuta, na upashe kitu kizima, usiifukuzie lehemu na moto. Lehemu hukimbilia penye joto. Utaona boraksi ikifura na kutoa povu jeupe, inatulia, inakuwa kama kioo. Ngoja. Ghafla mstari wa kung'aa unapita kwenye kiungo kama maji yanavyopita chini ya mlango. Ondoa moto hapo hapo. Sekunde mbili zaidi na pete yako imekuwa tone. Lehemu ya mafundi redio ni ya redio. Mara nyingi ina risasi, na kiungo chake ni dhaifu.

Weusi wa moto uondoe kwenye maji ya ukwaju ya moto, ndani ya chungu cha udongo. Usiingize koleo la chuma humo. Fedha yako itatoka imevaa wekundu wa shaba, na utasugua mpaka Magharibi. Tumia vijiti vya mwanzi. Na pambo lenye kombe au lulu lisikaribie ukwaju, ndimu wala siki, kwani tindikali inakula kombe. Mwambie mteja pia, maana ndimu ndiyo dawa yake ya kung'arishia kila kitu.

Ukiyeyusha shaba ya manjano, moshi mweupe unaotoka ni wa zinki, na aliyeuvuta mchana hutetemeka kwa homa usiku, akadhani malaria. Fanya nje. Dhahabu inunue kwenye masoko ya madini, yaliyoanza 2019, usiichukue kwa mtu anayekuonyesha kwenye karatasi ya sigara. Zaidi ya mambo ya sheria, dhahabu iliyonaswa kwa zebaki na kuchomwa nusunusu itatoa mvuke wa zebaki chumbani mwako utakapoiyeyusha. Na mteja akikuletea dhahabu ya bibi yake ubadilishe iwe pete, pima mbele yake kwa mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, andika gramu kwenye daftari, atie sahihi. Wazee bado wanahesabu kwa tola, ambayo ni gramu 11.66, jifunze kugeuza kichwani usimkatishe mzee maneno. Sarafu za zamani usiyeyushe kabla ya kuuliza. Rupia ya Kijerumani ni fedha nzuri, lakini ina thamani kubwa zaidi ikiwa sarafu, na ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, iliyopigwa Tabora 1916, inaweza kukununulia karakana.

Hewa ya delta ni adui wa chuma. Tupa zako zifunge kwenye kitambaa chenye mafuta ya mashine, kila moja peke yake, zikigusana zinaharibiana meno. Fedha iliyokamilika itie kwenye mfuko wa plastiki unaofungwa pamoja na kipande cha chaki ya ubaoni. Chaki hunywa unyevu. Na sanduku la kazi liweke juu. Wazee wa Rufiji walijenga madungu mashambani, nyumba za juu ya nguzo, kwa sababu walijua mto hauombi ruhusa. Aprili 2024 maji yalitukumbusha. Mimi sasa nina rafu moja juu ya kichwa changu, na kila jioni sanduku linapanda huko, hata kiangazi.

Bei nitaipitia haraka. Hesabu vifaa, hesabu saa zako kwa ujira wa kibarua wa Kibiti, ongeza kidogo kwa vipande vinavyopasuka, maana vitapasuka. Ukiona bei hiyo haiuziki, punguza kazi kwenye umbo, usipunguze kwenye tundu. Anayetaka kuendelea mbele na vito vya mawe, Kituo cha Jemolojia Tanzania kiko Arusha. Na SIDO, shirika la viwanda vidogo, wana mafunzo ya biashara ndogo.

Mama wa Nyamisati nilimtungia mkufu mwingine kwa shanga zake zile zile zilizobaki, arobaini na tatu, fundo kati ya kila mbili, tundu moja moja nimelipitishia pesti. Nilimpelekea gatini. Hakuuvaa. Alikaa juu ya gunia la mpunga, akauweka mapajani, akawa anapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye mdomo wa kila ushanga, mmoja baada ya mwingine, huku boti ikipiga honi. Alipofika wa mwisho akanyanyua macho.

"Huu hauumi," alisema, akauvaa, akapanda.